Nambari Iliyozikwa Ukutani

Mavi ya ng'ombe aliyekula nyasi kavu na mavi ya ng'ombe aliyekula nyasi mbichi si kitu kimoja. Wacheni kushika pua. Mmekuja kuniuliza kazi yangu ilikuwa gani, na mimi nawaambia ilianzia hapo, nyuma ya ng'ombe, asubuhi, kwa mikono miwili. Mavi ya kiangazi yana nyuzi, yanashika ukuta kama mtoto anavyoshika mgongo wa mamake. Ya wakati wa mvua ni uji mtupu. Ukiyapaka hivyo hivyo yatateremka yote mpaka chini, ubaki unaangalia fito zako zikiwa uchi. Hayo unayatia jivu na udongo wa kichuguu, unakanyaga kwa miguu mpaka kiuno kianze kuuma, unaacha mchanganyiko ulale usiku mmoja, ndipo unapaka. Haya, umeshajua kitu ambacho kakako wa chuo kikuu hajui.

Nilijenga nyumba zaidi ya miaka arobaini. Niliacha shule darasa la tatu, kwa hivyo naandika polepole, na mkiona herufi imelala kama mlevi, mwacheni alale. Nilizihesabu nyumba nilizojenga mpaka zikafika sitini, halafu nikachoka. Kama kuna mwanamke kutoka Kitengela mpaka Kajiado aliyenipita, hajajitokeza.

Kwa sababu wengi wenu mmezaliwa ndani ya mawe na vigae, wacha niwaeleze. Kwetu Wamaasai nyumba hujengwa na mwanamke. Mwanamume anajenga ua wa miiba unaozunguka boma, basi. Nguzo ni za mwanamke, fito ni zake, na paa pia, maana ndiye anayelipanda kuliziba mvua ikinyesha. Na kwa sababu ameijenga, nyumba ni yake. Mume akikasirika hawezi kumwambia mke, "Toka nyumbani kwangu." Atatokaje kwa mume na hapo si kwa mume? Mume mwenye akili akikasirika hutoka yeye, akaenda kuangalia ndama.

Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu. Nilimwita Yeyo, mama, kama kila mtu. Nyumba yangu ya kwanza nilifanya siku tisa, nikaupaka ukuta wa nje mpaka ukawa laini kama shavu. Nikapika chai, nikamkaribisha. Akaingia, akakaa, akakohoa. Akanywa chai. Akakohoa tena. Akatoka nje, akazunguka mpaka mlangoni, akaupiga teke mti wa mlango ukaanguka.

"Anza tena," akasema.

"Yeyo, nimefanya kazi siku tisa!"

"Na moshi utafanya kazi miaka tisa. Mlango umeuelekeza kwenye upepo, wewe. Ulikuwa unajengea macho ya majirani."

Alisema kweli. Nilikuwa najengea macho ya majirani. Ugonjwa huo sikupona kabisa, na mtaona ulinifikisha wapi.

Boma letu lilikuwa kando ya barabara ya kwenda Namanga, kabla hujafika Isinya. Mwisho wa miaka ya tisini tukaambiwa barabara itapanuliwa. Sisi tulikuwa tumelala pale pale itakapopita. Chifu akaita baraza, akasema kila nyumba itapigwa nambari, na kila nyumba iliyo na nambari itapewa ploti na nyumba ya mabati mahali pengine. "Nambari isiguswe," akasema. Nilisikia. Sikuwa kiziwi.

Kijana aliyekuja na kopo la rangi nyekundu aliitwa Wekesa, mtu wa magharibi, mrefu, mwenye heshima. Alikuwa amejifunza kusalimia wanawake vizuri: "Takwenya!" nasi tunamjibu "Iko!" halafu tunacheka kwa sababu alikuwa akiinama kama anatafuta shilingi. Alipiga nambari ukutani kwa brashi, kubwa kama sufuria. Yangu ilikuwa kumi na sita. Ya jirani yangu Mama Resiato ilikuwa kumi na saba. Kwenye karatasi yake aliandika jina la mwanamume wa kila nyumba, maana karatasi ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina, na juu yake pameandikwa mkuu wa familia. Yangu ikaandikwa jina la mume wangu. Mama Resiato alikuwa mjane, ana watoto watatu. Yake ikaandikwa jina la shemeji yake, Parsaloi, aliyekuwa amesimama karibu huku amekunja mikono. Tulidhani ni mambo ya karatasi.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Mama Resiato alikuwa ameungua mkono wa kulia kwa maziwa ya moto, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Ngong. Ukuta wake wa mbele ulikuwa umepasuka mpaka unaweza kupitisha kidole. Nikamwambia akae chini, nitampakia. Nambari ilikuwa kwenye ukuta huo huo.

Nikaanza juu, nikashuka, nikaizunguka nambari.

"Mama Sironka," akaniita, "hiyo namba."

"Nimeiona."

"Chifu alisema isiguswe."

"Chifu atakuja kulala hapa mvua ikiingia?"

"Hapana, ni mnene sana, mlangoni hapiti."

Tukacheka. Nikaendelea. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua tano kuangalia kazi, kama fundi yeyote. Ukuta ulikuwa mzuri ajabu, na katikati kuna kile kiraka cha zamani chenye nambari nyekundu, kimepasuka pasuka, kama baka la ngozi kwenye uso wa bibi harusi. Nikageuka niende kunawa. Nikarudi. Nikageuka tena. Roho ikakataa. Nikajiambia Wekesa anatujua, ameandika kwenye karatasi, na kiraka kile ndipo maji yatakapoingilia. Hilo la maji lilikuwa kweli, lakini silo lililonirudisha. Nilirudi kwa kiburi. Nikachota konzi mbili, nikafunika, nikalainisha kwa kiganja mpaka hata mimi mwenyewe sikujua nambari ilikuwa wapi.

Siku hizo hizo kulikuwa na watu wametoka mbali, wamesikia barabara inagawa ploti. Wanachomeka fito nne, wanapaka tope, wanaweka kigoda ndani, na kesho yake wanakaa mlangoni wanajifanya wamezaliwa hapo. Wengine walijichorea nambari wenyewe. Kwa hivyo Wekesa aliporudi kuhakikisha nyumba, alikuja na mkubwa wake, mzee wa miwani ambaye alikuwa amechoka kudanganywa tangu asubuhi.

"Kumi na sita iko," akasema mkubwa. "Kumi na nane iko. Kumi na saba?"

Wekesa akazunguka nyumba ya Mama Resiato mara mbili.

"Mama, namba iko wapi?"

"Iko ndani," akasema Mama Resiato.

Maskini Wekesa akainama, akaingia ndani. Tulimsikia akigonga kichwa. Akatoka na masizi mpaka kwenye nyusi.

"Ndani hakuna."

"Ndani ya ukuta, kijana."

Mkubwa akaushika ukuta, akaupapasa. Mimi, mjinga, nikafurahi kuona anaupapasa. Akasema, "Kazi safi. Lakini hii nyumba ni ya juzi. Angalia, haina hata ufa mmoja. Futa hiyo kumi na saba."

"Mkubwa, iko kwenye karatasi yangu," akasema Wekesa.

"Karatasi leo asubuhi nimeona tatu za uongo. Kama ukuta hauna namba, hakuna nyumba. Futa."

Na Wekesa akafuta. Niliona kalamu ikipita juu ya mstari.

Mama Resiato hakulia wala hakupiga kelele. Aliniangalia tu, na ule mkono wake uliofungwa kitambaa. Maana yake ilikuwa hivi: trekta itakuja, itaangusha nyumba yake kama zetu, lakini sisi tutapanda lori kwenda mahali, naye atabaki kando ya barabara na watoto watatu. Kwa sababu ya konzi zangu mbili.

Nikaingia kwangu, nikatoka na panga. Watu wakatawanyika, hata Parsaloi. Mkubwa akasema, "Mama, mama, tuongee."

"Nimeongea vya kutosha. Sasa nataka uangalie."

Nikaukata ule ukuta. Ukuta wangu, haujamaliza hata wiki mbili. Nikakata pande nne, kipande kikubwa kama mkate, nikachomeka panga nyuma yake, nikakibandua chote mpaka kwenye fito. Nikakigeuza ubavu, nikamwekea mkubwa mbele ya miwani yake.

Nyinyi mmeona keki ya harusi ikikatwa. Ukuta wa nyumba yetu ukikatwa uko hivyo. Kila msimu mwanamke anapaka, kwa hivyo kila msimu una ngozi yake. Ngozi ya kiangazi ni nyeupe nyeupe, ina nyuzi za nyasi. Ngozi ya wakati wa mvua ni nyeusi, ina jivu. Nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, mpaka ndani.

"Nyumba ya juzi haina ngozi hizi," nikamwambia. "Hesabu mwenyewe."

Wekesa ndiye aliyepiga magoti. Akahesabu kwa ncha ya kalamu, kwa sauti, kama mtoto wa nasari. Alipofika kumi na tisa nikamwonyesha safu moja nene. "Hapo mumewe alikuwa amefariki. Tulikuja wanawake wengi kumpakia, kila mtu na mkono wake. Ndiyo maana haikwenda sawa." Akaendelea. Alipita ishirini na tano. Alipokaribia ukingo wa nje, kalamu ikasimama.

Chini ya ngozi ya mwisho kulikuwa na uzi mwekundu, mwembamba kama uzi wa ushanga.

Akaukwaruza kwa ukucha. Rangi ikatoka. Akaangalia kopo lake, akaangalia ukucha.

"Mkubwa," akasema, "hii rangi ni yangu."

Mkubwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akakichukua kipande, akakinusa. Sijui alitaka kunusa nini. Alinusa mavi. Halafu akanitazama.

"Wewe ndiye ulifunika?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inaharibu ukuta."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini alikuwa mtu wa sheria. "Ule mstari umefutwa," akasema, "siwezi kuandika juu ya kilichofutwa. Jaza fomu mpya. Uliza mwenye nyumba maswali, aweke kidole."

Sasa Parsaloi, aliyekimbia panga, akarudi haraka. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Ni ya marehemu ndugu yangu."

Mimi sikuwa nimepanga kusema kitu. Lakini panga bado lilikuwa mkononi na damu bado ilikuwa moto. Nikasema, "Muulize basi. Hiyo fomu si ina maswali?"

Wekesa akasoma. "Mzee, nyumba ilijengwa mwaka gani?"

Parsaloi akaangalia mbinguni. "Zamani."

"Nguzo za katikati ni ngapi?"

"Ziko... za kutosha."

"Ni za mti gani?"

"Ni za miti."

Wanawake wakashindwa kujizuia. Mmoja akakaa chini kabisa, akapiga paja. Wekesa akamgeukia Mama Resiato, naye akajibu bila kufikiri, kama mtu anayetaja watoto wake: "Nguzo kuu ni mbili, za leleshwa. Ya kushoto iliingiwa na mchwa, tukaiunga mwaka aliozaliwa Resiato. Nyuma ya kitanda kuna fito tatu za mti mwingine kwa sababu leleshwa iliisha na mvua ilikuwa inakuja. Nimeijenga mimi, mwaka nilioolewa."

"Jina lako la kitambulisho?" akauliza Wekesa.

Akaandika. Mama Resiato akaweka kidole cha mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na kitambaa.

Katika boma lote, hiyo ndiyo nyumba pekee iliyoandikwa jina la mwanamke. Mimi nambari yangu ilikuwa wazi, safi, haikuguswa na mtu, na fomu yangu ilikuwa imekwisha kujazwa vizuri. Hakuna aliyeniuliza nguzo zangu ni ngapi. Nilirudisha panga ndani, nikapika chai, nikajisifu mpaka jioni.

Walituhamisha kwa lori, mwendo wa asubuhi nzima kutoka barabarani. Mahali pale palikuwa uwanda mtupu, upepo unapita bila kupiga hodi, wanawake wakapaita Enkijape, baridi. Ploti zilipangwa kwa mstari kama madawati. Boma letu lilikuwa duara, nikikohoa huku, Mama Resiato anajua kule. Sasa alikuwa mlango wa sita kutoka kwangu, na sote tunaangalia upande mmoja kama tunangoja kuitwa na mwalimu.

Mafundi wakaja na mabati. Wote wanaume, hodari, sina neno nao. Nyumba yangu walimaliza siku mbili. Mimi nilikaa juu ya mzigo wangu nikaangalia. Katika maisha yangu ilikuwa mara ya kwanza kukaa chini huku nyumba yangu inajengwa na mtu mwingine. Nikawapelekea chai. Fundi mmoja akaniambia, "Mama, sasa umepumzika." Nikasema asante. Yeyo, ambaye sasa alikuwa mzee sana, akaniuliza kwa Kimaasai, "Na wewe utapaka wapi?" Nikamwambia hii haipakwi.

Yeyo hakulala ndani ya mabati hata wiki. Mchana ilikuwa tanuri, alfajiri ilikuwa barafu, na mvua ikipiga alisema anasikia watu wanarusha mawe. "Nijengee," akaniambia. Haya, nijenge na nini? Leleshwa ilikuwa mbali, na ng'ombe walikuwa wanalala mbali kwa sababu barabara ilikuwa imekata njia yao ya maji, kwa hivyo hata mavi yalikuwa ya kutafutwa. Udongo wa pale ni ule mweusi, unaopasuka ukikauka mpaka mbuzi anaweza kuvunja mguu. Tabaka la kwanza lilipasuka lote. La pili likapasuka. La tatu nikatia mchanga wa korongoni, sehemu mbili kwa moja ya udongo, nikaongeza nywele za mbuzi. Likashika. Andikeni hilo, litawasaidia: udongo mweusi haushindwi kwa maji, unashindwa kwa mchanga.

Yeyo akaingia, akakaa, sikusikia kikohozi. Akanywa chai yote. Alikaa humo mpaka alipotutoka, na kwenye mabati tukaweka mbuzi. Wakati mmoja alikuja mgeni wa kuangalia kama tumehama vizuri, akakuta bibi kizee kwenye tope na mbuzi kumi na wanne kwenye mabati mapya. Aliandika kitu kirefu sana kwenye daftari lake.

Kilichotuharibia hasa kilikuja polepole. Kitengela ilikuwa inavimba. Kila mtu wa Nairobi alitaka kipande. Magari yakaanza kufika Enkijape, wanunuzi wanateremka, wanaongea na wanaume, wanakunywa soda. Ploti moja ikaenda, ya pili ikaenda. Wanawake walikuwa wanaambiwa wakati vitanda vinatolewa nje.

Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukubali haraka. Siku moja nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta watu wanapima ua wangu kwa kamba.

"Umeuza nyumba yangu?" nikamuuliza.

"Nyumba yako gani?" akasema. "Wewe ulipaka wapi?"

Na hakuwa ananitania. Alikuwa anauliza kabisa, kama mtu anayetaka kujua. Kwa mila yetu wenyewe, niliyoisema kwa mdomo wangu tangu nikiwa msichana, nyumba ni ya aliyeijenga. Ile ya mabati sikuijenga, na ile ya tope tulikuwa tumeibomoa Yeyo alipotutoka. Yeye akahamia kwa mke wake mdogo. Mimi nikachukua karai yangu na blanketi, nikaenda Kitengela mjini kutafuta mjengo, kazi ya ujenzi.

Msimamizi wa saiti, Mwangi, aliniangalia kutoka kichwa mpaka shanga, akaniita bibi kwa lugha yake. "Shosho, hapa tunauza nguvu, si ushanga."

"Nipe ukuta."

"Nakupa kuchanganya simiti. Ukishinda hiyo tutaongea."

Nikachanganya. Vizuri, nyororo, haina donge. Nilichanganya karai nane, na kwa sababu mchanganyiko mzuri lazima ulale usiku mmoja, nikazifunika kwa magunia, nikaenda nyumbani nimeridhika. Asubuhi Mwangi alinikuta nimesimama mbele ya mawe manane ya mviringo, kila moja ndani ya karai yake.

"Shosho," akasema taratibu, "hii ni nini?"

"Imelala," nikasema.

Saiti nzima ililala chini kwa kicheko. Mpaka leo kuna wazee wa mjengo Kitengela wakiniona wananiuliza kama simiti imeamka. Lakini Mwangi hakunifukuza. Nilikaa wiki nzima nikivunja yale mawe kwa nyundo kuokoa karai zake, na siku ya Jumamosi fundi wa plasta hakuja, nikaomba mwiko. Mwiko sikuweza. Nikautupa, nikatumia kiganja. Mwangi akaja, akaweka tochi kandokando ya ukuta kutafuta mawimbi. Akaweka upande huu, akaweka upande ule.

"Nani alikufundisha?"

"Mama mkwe. Kwa mateke."

Tangu siku hiyo kona zote zilikuwa zangu. Nilipaka kona za nyumba za watu wa benki, walimu, wachungaji. Simiti inakula ngozi, wasichana. Mavi ya ng'ombe hayajawahi kunikata hata siku moja, lakini simiti ilinila vidole. Vaeni glavu. Mkicheka glavu, njooni nikuonyesheni mikono.

Nilikuwa juu ya jukwaa, ghorofa ya pili, Mama Resiato aliponifuata. Amezeeka, ana fimbo. Akasimama chini akaita mbele ya vijana wote, "Mama Sironka! Shuka huko, wewe si nyani!"

Nikashuka. Tukasalimiana, tukakaa juu ya mawe. Akaniambia Parsaloi alileta mnunuzi kwenye ploti yake. Wakapima, wakanywa soda, wakaenda mpaka ofisi ya ardhi Kajiado. Huko karatasi ikafunguliwa, ikakutwa na jina lake. Mnunuzi akamuuliza Parsaloi, "Huyu mwanamke ni nani?" Na safari ikaishia hapo.

"Ile siku nilitaka kukuua," akaniambia. "Ulipofunika namba yangu. Nilikuangalia nikasema, huyu amenimaliza."

"Najua. Niliona."

"Ungeiacha, leo niko kwenye chumba cha kukodi kama wewe." Akainua fimbo akanigonga goti. "Nakukatia kipande. Upande wa korongo, kuna mchanga. Usikatae, nimeshawaambia watoto."

Sikukataa. Nina kiburi, sina wazimu.

Tulikwenda Kajiado wote wawili, tumevaa vizuri. Karani alikuwa msichana mdogo, mwenye adabu. Akauliza, "Na mzee yuko wapi?" Mama Resiato akamjibu, "Wako wawili kaburini na mmoja anatafuta mnunuzi. Andika."

Akaandika. Akanisogezea wino. Nikabonyeza kidole gumba, nikakiweka kwenye karatasi. Akaangalia.

"Mama, haijatoka. Hakuna mistari."

Nikajaribu tena. Lilikuwa doa jeusi tu, kama tone la lami. Akanifuta, akanishikia kidole mwenyewe, akabonyeza. Doa. Tukaenda kwa kingine, na kingine. Nyuma yetu foleni ilianza kunung'unika. Msichana akageuza mikono yangu, akapitisha kidole chake juu ya vyangu, vilikuwa laini kama kioo. "Ulikuwa unafanya kazi gani, mama?"

"Kujenga nyumba za watu."

Akaitazama foleni. Angeweza kuniambia nirudi Jumatatu, nirudi na barua, nirudi na chifu. Niliona maneno hayo yakija. Mama Resiato naye aliyaona, akashika fimbo. Lakini msichana akavuta tena kile kidau cha wino.

"Tutajaribu vyote," akasema.

Mkono wa kulia ulikwisha. Wa kushoto, gumba, hapana. Cha shahada, hapana. Cha kati, hapana. Cha pete, mistari miwili imekatika, haitoshi. Kikabaki kidole kidogo kabisa cha kushoto, ambacho mpakaji hukiinua juu asiharibu alicholainisha. Miaka yote hakikugusa ukuta.

Akakibonyeza, akakiinua, akapuliza. Mistari ilikuwa yote, mizima, inazunguka vizuri kama boma.

"Hiki kinatosha," akasema, akapiga muhuri.